Alikozaliwa Flavian

Albina wa kijiji cha Msanzi hakumwamini mtu anayeuliza maswali kwa upole. Wakati wa vita ya Mjerumani, angali mtoto, mgeni mmoja mwenye maneno matamu alimuuliza nani ana nguvu humu ndani, naye akamwonyesha baba yake kwa kidole. Baba alichukuliwa akabebe mizigo ya jeshi, hakurudi. Tangu hapo, hata ukimuuliza Albina njia ya kisimani, kwanza atataka kujua una kiu ya nini.

Basi mwaka 1955 alipotokea Zubery, mtoto wa mwenye duka mjini Sumbawanga, kalamu mfukoni, Albina aliendelea kupepeta ulezi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea?"

Hakupotea. Alitumwa na walimu wa chuo cha Uganda, alikokuwa akisoma Flavian, mwana pekee wa Albina. Chuo kile kilikusanya vijana wa nchi nyingi, na walimu walitaka kujua wametokea wapi na wamefikaje. Kwa hiyo Zubery alipita majumbani, akiwauliza watu wengi jambo moja, kisha akilinganisha majibu.

"Flavian alizaliwa wapi, mama?"

Ungo ulisimama. Flavian alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Abercorn, upande wa Rhodesia ya Kaskazini. Albina alikwenda kumzika shangazi yake, uchungu ukamshikia huko huko. Lakini nafasi ya chuo ilikuwa ya mtoto wa Tanganyika! Huyu amekuja kumng'oa mwanangu, alijiambia.

"Kwenye nyumba hii hii, mvua kubwa ikinyesha."

Zubery akaaga aende kwa jirani, Agnesi. Albina alikatiza shambani mbio, akamtangulia, akamweleza Agnesi alivyojibu.

"Mficha uchi hazai, dada," Agnesi alisita.

"Sema kama nilivyosema!"

Haukupita muda mrefu, Zubery akarudi, ameng'ata mdomo asicheke.

"Mama, Agnesi naye kaniambia Flavian kazaliwa 'kwenye nyumba hii hii, mvua kubwa ikinyesha.' Na tulikuwa tumekaa nyumbani kwake."

Njia ya mwongo ni fupi; ya Albina iliishia kwa jirani. Alimlaani Agnesi kimoyomoyo.

"Flavian mwenyewe nilimuuliza kule chuoni," Zubery aliendelea. "Alisema Abercorn, msibani. Sasa niandike kuwa amenidanganya?"

Albina aliona haya. Akishikilia neno lake, mwanawe anakuwa mwongo. Akiliacha, huenda akafukuzwa. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliomwonyesha baba.

"Mwanangu si mwongo," alisema. "Mwongo ni mimi. Watamfukuza?"

"Kwa kuzaliwa msibani? Alikwishawaambia zamani, siku ya kwanza kabisa. Wala hawakujali."

Albina alishusha pumzi. Ndipo neno moja likamgonga: kule chuoni. Huyu kijana ambaye yeye Albina alikuwa akimkwepa tangu asubuhi alikuwa amemwona Flavian kwa macho yake, na yeye mama hajamwona mwaka wa pili sasa. Aliweka ungo chini, akamvutia kigoda.

"Kaa, baba. Amekonda?"