Hodi Kitovuni

Kabla hajapitisha kamera kitovuni, daktari wetu wa upasuaji huichovya kwenye maji ya moto, kioo chake kisije kikaingia ukungu, kisha husema taratibu, "Hodi." Mgonjwa keshalala fofofo, kwa hiyo mimi muuguzi ndiye ninayemkaribisha. Daktari ana vidole vinene kama vya mwashi, lakini humo ndani huenda kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto mchanga. Akiwa anatafuta, hupiga mluzi ndani ya barakoa. Akiona kitu, hunyamaza. Leo alinyamaza kwenye tumbo la mwalimu mmoja aliyeumwa miaka sita, vipimo vyote safi, hadi mumewe akasema anadeka. Kumbe utando wa kovu uliobaki tangu alipotolewa kidole tumbo ulikuwa umeunasa utumbo na kuuvuta. Daktari akaupiga picha, akaukata, akachapisha nakala mbili kama kawaida yake.

Mwalimu alipozinduka vizuri, alipewa zote. "Moja ya faili lako," daktari akamwambia, "na hii ya shemeji." Mwalimu aliitazama, mkono juu ya plasta, akijizuia kucheka kwa sababu ya nyuzi. "Daktari," akasema, "haipatikani kubwa kidogo, ya kutundika sebuleni?"