Muchezaji wetu wa teatri mbele ya kamera

Huyu muchezaji wetu wa teatri hapa Nyabiondo, mikono yake haitulie hata kidogo. Akienda kuomba chumvi kwa jirani, mikono inaomba mbele ya kinywa. Na ile sauti! Siku ya Mungu, akicheza mwanaume mwenye kufiwa na bibi yake wa ndoa kwenye kiwanja ya kanisa, analia mpaka watu wa kilima ya ngambo wanatoka inje kuangalia, na sisi tunacheka mpaka tunashika tumbo.

Juzi watu wa filme walitoka Goma kuja kumujaribu. Akilia vizuri watamuchukua, akishindwa atabakia na sisi. Mwenye kamera akamwambia: "Kaka, usipige kelele. Kamera iko karibu." Basi akaikaa kwenye mukeka, akaanza kukunja kitenge ya ule bibi wa uongo. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Sauti hakuna, machozi tu. Miye nilikuwa nimekuja kucheka, lakini miguu ilinipeleka yenyewe mpaka mbele ya kamera. Nikamushika bega, na miye nalia: "Mwanangu, nani alikufa kwenu?"

Akaninongoneza bila kuinua uso: "Mama, hakuna muntu alikufa. Rudia nyuma, niko natafuta kazi!"

Mwenye kamera naye alikuwa anapangusa macho. "Kaka, tunakuchukua," akasema. "Na huyu mama abakie palepale, tunarudilia tena."

Nikakataa. Miye silie mara mbili kwa muntu mwenye hakufa.