Filtre nyeusi na pardon ya njiani

Leo nimepata haya mpaka nikatamani udongo unimeze.

Munajua mutoto wangu anakohoa tangu juma mbili. Nilinunua mashine ya kusafisha hewa, nikaiweka ndani ya chumba chake. Kikohozi haikuisha.

Bon, kosa nikamutupia jirani yangu Mama Zaina, mwenye kukausha samaki kwa moshi. Juzi nilimupigia kelele njiani, mbele ya batu: "Moshi yako itaniulia mutoto!"

Alizima moto. Tangu siku ile hajakausha hata samaki moja.

Asubuhi ya leo nimepeleka filtre yenye kuchuja hewa ndani ya mashine, nyeusi tii, kwa fundi, anichagulie ingine yenye kuweza moshi ya samaki.

Akaiangalia. Akainusa.

"Mama, hii haiko moshi ya kuni. Hii ni moshi ya mazutu, mafuta ya dizeli. Uko na groupe, mashine ya kutoa umeme?"

Niko nayo. Iko chini ya dirisha ya mutoto. Ni mimi mwenyewe niliiweka pale, kwa kuogopa bezi baiibe.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mama Zaina, nikapiga magoti ndani ya sebule yake.

Akaniambia polepole: "Ulinitukana njiani, mama. Humu ndani nani atasikia?"

Alors tumetoka. Nimeomba pardon pale njiani, kwa sauti, batu bakisimama kusikiliza. Machozi ilinitoka.

Groupe nimeihamisha nyuma ya kiwanja.

Wenye mulikuwa pale, andikeni tu hapa chini yenye munafikiri. Leo sitajitetea.