Kikombe ya kongobololo

Watu wote wa Kasongo wanaeleza hii habari vibaya. Musikilize mimi mwenyewe.

Leo asubui homa imemushika Furaha, muke wa mutoto wangu. Iko na mimba.

Mimi, munganga mukubwa bila diplome, nikachuma majani ya kongobololo, ile muti ya uchungu ya kuponyesha homa, nikaponda, nikakamua kikombe nzima.

« Mukwe, kunywa yote. »

Bibi yangu, mama wa mutoto wangu, akakamata kikombe.

« Baba Amisi, weye! Mwanamuke wa mimba hakunywake ile. Mimba inaweza kutoka! Na mwenye kutoa dawa anaonjaka wa kwanza. Haya, dokta, onja. »

Majirani wapenzi walishaleta viti. Asante yenu.

Sasa mutu wa heshima kama mimi anaonja kidogo? Nikamaliza kikombe!

Uchungu ile... tuache.

Furaha akapanda pikipiki, akaenda centre de santé, kwa wanganga wenye diplome. Wamemupa dawa yake. Yeye na mimba wako muzuri. Mimi tumbo inanguruma tangu ile saa, hakuna hata mumoja wa kunipa pole.

Na wanasema ati nililia. Mimi! Ilikuwa moshi ya jiko tu.

Nani kati yenu alishamaliza kikombe nzima? Museme hapa.

Bon. Jiko hata haikuwashwa.