Nilimjibia Mume Wangu kwa Daktari

Kosa ni langu, msinitafutie udhuru. Uongo niliusema mimi kwa mdomo wangu, mbele ya daktari, mume wangu akiwa ameketi kando yangu.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya kupasua mbao Elburgon. Nyumba tuliyokaa na watoto watatu ilikuwa ya kiwanda, na mtu aliyekohoa sana alidhaniwa ana TB: kazi hana, nyumba hana. Kwa hiyo alipoanza kukohoa nilimchemshia tangawizi na kumwambia akohoe ndani ya blanketi, majirani wasisikie.

Kisha kidole gumba kikavimba, kikawa chamuuma hata kushika kijiko. Hakukumbuka kuchomwa na chochote. Mimi nikasema ni kibanzi, basi ikawa kibanzi.

Tukaenda hospitali Nakuru. Daktari, kupitia kwa dresa, msaidizi wake aliyetafsiri, akauliza kama ana kikohozi. Nikawahi kujibu, "Hapana. Ni kibanzi tu cha mti." Mume wangu alinitazama, akakizuia kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Laiti ningefunga mdomo!

Kidole kilipasuliwa, hakikupona. Mwezi wa pili tangu hapo kikakatwa. Yeye alitaka tuende Kabazi akakae na mama yake.

"Kidonda kitapona, Baba Njeri," nilimwambia. "Rudi kazini kwanza."

Akarudi. Alisukuma magogo kwa vidole tisa hadi siku aliyoanguka.

Safari hii walimpiga picha ya kifua. Daktari akasema ni kansa ya mapafu, na ndiyo iliyosafiri mpaka kidoleni, mahali ambapo hata yeye haioni mara nyingi. Nikamuuliza kama mume wangu angalipona lau ningesema kweli. Akasema pengine hapana, lakini angalijua mapema, na angalimwambia aende nyumbani apumzike na watu wake. Lo! Miezi mitano nilimnyang'anya mimi.

"Ungeniacha niseme," mume wangu aliniambia. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alifariki tukiwa bado tunatafuta lori la kutupeleka kwa mama yake.

Tangu hapo situlii. Nafagia palipokwisha kufagiliwa, naketi, nainuka, naketi tena. Mtu akikohoa sokoni nageuka kumtafuta.

Wewe unayenisoma, mgonjwa wako akiulizwa, mwache aseme mwenyewe, hata kama unaogopa litakalofuata. Mimi niliogopa kupoteza nyumba. Wiki ya tatu baada ya mazishi, kiwanda kilituondoa katika nyumba ile ile.