Bolti ya Nne

Kaka yangu hanunui manukato wala maua, lakini kila baada ya miezi michache huingia duka la vipodozi na mikono yake ya grisi, akaulizia rangi ya kucha. Nyekundu. Muuza duka naye ana mdomo kama mimi, basi humwuliza, "Leo tunapaka za mikono au za miguu, mzee?" Kaka hulipa, hutia kichupa kwenye mfuko wa shati, hurudi gereji.

Ile rangi ni ya bolti. Kaka ni fundi wa magari makubwa ya juu, yale ya kupanda milima na kuingia matopeni, na ana desturi yake ambayo imemwachia jina. Akifunga kitu kwenye chesisi, anakaza, anakwambia nenda katembee na gari wiki nzima, halafu urudi. Ukirudi anakaza mara ya pili, ndipo anapaka mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma. Bolti ikija kulegea, mstari unakatika, na hata dereva asiyejua kitu ataona. Usiporudi, hupati rangi. Uwe tajiri, uwe nani, hupati. Ndiyo maana uwanja mzima wa gereji unamwita Mara Mbili, na mimi mdogo wake, ninayeshona viti vya magari kwenye kibanda cha pembeni, naitwa Dada wa Mara Mbili, kana kwamba sina sifa zangu mwenyewe. Haya, nimezoea.

Mtoto wake ni mmoja tu, binti. Mama yake alifariki mtoto ana miaka sita, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kubaki naye, alikulia hapa, kati ya cherehani yangu na miguu ya baba yake iliyokuwa ikichungulia chini ya magari. Kazi ya rangi ilikuwa yake. Baba akishakaza huita, "Mama, rangi!" na mtoto anatambaa na kichupa chake, anapaka mstari ulionyooka kuliko wa baba. Jioni anatoka ameshapaka bolti za watu na kucha zake zote kumi. Nani wa kuzisugua kabla ya shule? Mimi.

Alipomaliza shule alikuja asubuhi moja amevaa ovaroli aliyoishona mwenyewe kwenye cherehani yangu. Akasimama mbele ya baba yake, akasema anataka ufundi. Wateja watatu walikuwepo. Kaka hakuinua hata kichwa.

"Hapa hakuna kazi yako," akasema.

Maneno manne. Mimi najua alichokuwa nacho moyoni. Mgongo wake ulikuwa umekwisha, vidole viwili havikunjiki, na alitaka mwanawe afanye kazi ya kukaa kwenye kiti. Lakini si angesema hivyo? Ulimi hauna mfupa. Binti alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani yangu, akaenda zake kusoma. Akawa mpima ardhi, wa kutembea na vyombo vyake huko kusikopitika. Hata hicho kiti chenyewe hakukipata. Miaka kumi na moja amekuwa akija nyumbani kama mgeni. Anapiga hodi, anakunywa chai, anasema kazi ni nyingi, anaondoka. Gereji hakukanyaga tena. Na baba yake, kila gari la juu likikunja kona pale getini, anainua kichwa. Miaka kumi na moja mtu anainua kichwa! Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nami nilikuwa nikiinua changu.

Sasa, Jumanne moja asubuhi, gari lililokunja kona likawa lake.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Loo, mbona umekonda hivi?"

"Sijakonda, shangazi. Umesahau tu nilivyo."

Neno hilo lilinichoma, nikajifanya natafuta mkasi.

Akaeleza shida yake. Amehamishiwa mbali, safari ya siku mbili, barabara ni tope tupu, na anaondoka kesho alfajiri. Gari lake mbele halikuwa na ndoano za kuvutia. Likizama, hapana pa kufungia mnyororo. Ndoano amekuja nazo, mbili, za chuma kinene, bado ziko kwenye boksi.

"Mafundi wamekwisha huko unakokaa?" kaka akauliza. Nilitamani nimpige kwa kiti.

"Wapo," binti akasema. "Lakini hizi nataka zisije zikang'oka."

Kaka akalizunguka gari, akapiga magoti, akaingia chini. Ni kazi ya saa mbili, tatu ukiwa mvivu. Unafungua bamba la chini, unakata plastiki kidogo ya bampa ndoano ipate kutokeza, unasafisha matundu ya chesisi yaliyojaa tope na kutu, unafunga bolti mbili kila upande. Nne tu! Lakini saa sita ilifika, saa nane ikafika, naye bado yuko chini. Binti amekaa kwenye tairi bovu, anatazama saa yake. Nikachukua kikombe cha maji kiwe kisingizio, nikainama.

"Kaka, unafanya nini? Bolti hiyo si umeshaikaza?"

"Naisafisha."

"Umeisafisha mara tatu. Hata shuka ya harusi haifuliwi hivyo."

Akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mkewe azikwe, "Nikimaliza, anaondoka."

Nilimwachia maji, nikarudi kwenye viti vyangu.

Saa tisa akatoka, akajipangusa, akamwita binti aje aone. Binti akachuchumaa mbele ya gari lake. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akarudia.

"Baba, zimegeuka."

"Nini?"

"Midomo ya ndoano inatakiwa itazame ndani. Hizi zinatazama nje. Ya kulia umeifunga kushoto."

Mnyoosha bodi wa hapo uwanjani aliacha kugonga, nyundo iko juu. Tangu tuanze kazi pale sijaona mtu akamsahihisha Mara Mbili akaondoka salama. Baadaye nilimwuliza kama alifanya makusudi, akasema ni macho yamezeeka. Mimi nasema si macho. Mtu hawezi kufunga ndoano huku moyo wake uko kwenye barabara ya kesho.

Kaka aliinama, akazitazama ndoano zake.

"Kweli," akasema. Halafu akanyoosha mkono wenye spana. "Basi fungua."

Binti akaitazama spana, akatazama suruali yake safi. Nikajua, ama sasa ama basi tena. Nikaingia kibandani mbio, nikafukua chini ya vipande vya ngozi, nikatoka na ovaroli. Ile ile. Miaka yote nilikuwa nimeitunza, na ningemng'oa meno mtu ambaye angeifanya tambara la kufutia oili. Nikamrushia.

"Shangazi, hainienei hii."

"Vaa! Ikipasuka nitakushonea humo humo."

Ilimbana mabegani, lakini iliingia. Wakalala chini ya gari wote wawili, baba na mwana, nikabaki naona miguu minne. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani bila uzi, ili waone niko kazini na nisikie kila kitu. Sioni aibu. Nimesubiri vya kutosha.

Binti alifungua, akabadilisha ndoano, akaanza kukaza kwa spana ya kipimo, ile inayolia tak nguvu ikitosha. Tak ya kwanza. Tak ya pili. Baada ya tak ya tatu nikasikia sauti ya kaka.

"Ile siku nilisema vibaya."

Tak ya nne.

"Ulisema vibaya, baba," binti akasema. "Na mimi nilikuwa nangoja uniite. Mwaka wa kwanza wote, kila siku nilikuwa najua kesho utaniita."

"Nilidhani umeshapata unachotaka."

"Nilitaka kupaka rangi."

Jamani. Nililia pale pale juu ya kiti cha mteja, na kilikuwa cha kitambaa cheupe.

Walipotoka, kaka alikuwa amesharudi kuwa fundi, au alijaribu. Akakohoa. "Sasa ulitembeze wiki moja, urudi nikaze mara ya pili." Anawaambia hivyo watu wote, lakini safari hii sauti ilipanda mwishoni, ikawa kama anaomba.

"Baba, huko ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Ruhusa ya kwanza sipewi mpaka mwaka uishe."

Nikafikiri atapaka rangi hapo hapo, avunje sheria yake kwa ajili ya mwanawe. Au atakataa, kwa kuwa kichwa chake ni kigumu kuliko chesisi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitoa kichupa mfukoni, akakitia kwenye kiganja cha binti, na juu yake akaweka spana ya kipimo. Hiyo spana hajawahi kumwazima mtu. Hata mimi, tumbo moja, nikiigusa ananiangalia kama mwizi.

"Wiki ikiisha, tak moja kila bolti," akasema. "Halafu upake. Mstari unyooke."

"Na wewe utatumia nini?"

"Nitaazima."

Mara Mbili kuazima! Mnyoosha bodi alikaa chini.

Alfajiri binti aliondoka. Kaka alisimama getini mpaka taa nyekundu za nyuma zikapotea, na zilipopotea akaendelea kusimama. Siku ya saba aliniuliza leo ni siku ya ngapi. Siku ya nane akauliza tena. Nikamwambia huko hakuna mtandao, asinitoe roho. Lakini mwenyewe nilikuwa nalala na simu chini ya mto, kwa sababu yangu ndiyo inayopokea picha. Yake ni ya vitufe na tochi. Siku ya kumi na mbili alianza kusema peke yake, kwamba tope la huko linavuta, kwamba chuma kipya hulegea, kwamba angepaka tu. Mtu mzima alikuwa anazunguka gereji na kuhesabu siku kwa vidole, hata vile viwili visivyokunjika.

Siku ya kumi na tisa simu ikalia. Nilimwita kwa sauti iliyowatoa hata wateja wa jirani.

Ilikuwa picha ya chini ya gari, tope limetapakaa kila mahali. Katikati zilikuwa bolti nne zilizofutwa zikang'aa. Tatu zilikuwa na mstari mwekundu, umenyooka kabisa. Ya nne haikuwa na kitu.

"Amesahau moja," nikasema.

"Huyo hasahau," kaka akasema. "Kuna maneno hapo chini. Soma."

Nikasoma. "Shangazi, mwonyeshe baba. Jana nimevutwa na trekta, ndoano hazikutikisika. Bolti zote nne nimezikaza, zimelia. Tatu nimezipaka. Hii moja namtunzia mpaka nitakaporudi. Mwambie, hapa kuna kazi yako."

Kaka aliupeleka mkono kwenye mfuko wa shati, pale kinapokaa kichupa, akakuta hakuna kitu. Akakaa juu ya lile tairi bovu.

"Soma tena," akasema.

Nikamsomea mara ya pili.