Unga Chini ya Bakuli

Wageni wakija kwetu Jumapili na sabuni zao na sukari na simu za kupigia picha, huuliza swali lile lile: "Bibi, mnaishije hapa?" Tunaishi vizuri, nawajibu, karibuni tena. Wangeuliza tunakufaje ningewaeleza kwa kirefu, maana hilo nalijua zaidi. Lakini nani aulize? Wakishapiga picha wanapanda gari lao, wanakwenda zao.

Nyumba yetu ya wazee ni ya masista, iko hapa Nachingwea. Kila chumba vitanda viwili, Waislamu na Wakristo tumechanganywa kama kande. Asubuhi kengele, sisi tunasali ukumbini, wenzetu wanaswali barazani, halafu uji. Jumanne na Alhamisi tunabangua korosho, wale wenye macho. Jumamosi wanapiga deki vyumba vyote, hata kama unaumwa unanyanyuliwa. Siku timu ya Ruangwa ikicheza, redio huwekwa dirishani na wazee wa kiume hutukanana kama vijana wa stendi, na Sista anayetuongoza anajifanya hasikii. Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Nimesonga ugali wa watoto wa watu miaka na miaka, wa kwangu sikujaaliwa. Ndiyo maana niko hapa. Sisemi ili nionewe huruma, nasema ili ujue.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa Mwislamu, mtu wa Chinongwe. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo tulizungumza Kimwera, na mimi tangu mama yangu afariki sikuwa nimepata mtu wa kuzungumza naye Kimwera mpaka nikashiba. Alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki hai. Nyumba ya mama ilipoangushwa na mvua, binti alikuwa analala chumba kimoja na mume na watoto wanne, hana pa kumweka, akamleta kwa masista. "Mama, nivumilie," alimwambia. "Nikipata ufuta mzuri nitakujengea chumba, nitakuja kukuchukua." Humu ndani kila mtu ameambiwa maneno hayo. Mimi nilimwona mwenzangu anavyoyashika nikamcheka moyoni. Haya, subiri, nikasema, tutasubiri wote.

Kabla yake nililala na bibi mwingine ambaye alikufa alfajiri bila mimi kujua. Uji ulipoletwa ndipo tukamkuta kinywa wazi, kidevu kimeshakauka, hakifungiki tena. Alizikwa hivyo hivyo, kama mtu aliyekatizwa katikati ya kusema. Tangu siku ile hofu yangu ikawa moja. Sikuogopa kufa. Niliogopa kufa bila mtu wa kunifumba macho na kunifunga kidevu mapema. Nilimweleza mwenzangu, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akachana upindo wa kanga yake kuukuu vipande viwili, kimoja akanipa, kingine akakisukuma chini ya mto wake. "Atakayetangulia, mwenzake atamfunga," akasema. "Tumemaliza. Sasa lala, unanichosha."

Mwaka wa tatu, korosho zikiwa zimeanza kuanguka, simu ikapigwa kwa Sista. Chumba kimekwisha, kimeezekwa bati, binti anakuja Jumamosi na bajaji kumchukua mama yake. Mwenzangu alipiga kigelegele akiwa na meno manne tu mdomoni. Akaanza kugawa vitu: sahani kwa huyu, kitana kwa yule. Mimi nikasema hongera. Mdomo ulisema hongera, roho ilikuwa inawaka. Nilimchukia binti yule kama mwizi aliyeingia ndani mwangu mchana kweupe. Nilikitazama kipande changu cha kanga nikajiuliza kitamngoja nani.

Ijumaa jioni akaniita karibu. "Wewe unaijua jikoni," akaninong'oneza. "Nipatie konzi moja ya unga wa mtama."

Sikuuliza wa nini. Kwetu, Mwislamu na Mkristo, padre asiposikia na shehe asiposikia, mtu haondoki kwa safari kubwa bila kuweka unga. Unapiga magoti mahali pasafi, unawaita wazee wako waliolala, unawaambia unakwenda wapi na kwa nini. Huku unaudondosha unga kidogo kidogo kutoka kwenye vidole, ujijenge wenyewe uwe na ncha. Unaufunika kwa bakuli. Asubuhi unafunua. Ncha ikiwa imesimama, umeruhusiwa, nenda. Ikiwa imeporomoka, umekatazwa, na ukishakatazwa hurudii kuuliza kesho yake kama mtoto anayelilia sukari. Unangoja mavuno mengine, unga mpya. Masista wanayaita mambo ya gizani, na jioni ile mimi nilisoma maombi ukumbini nikiwa na unga wa mwenzangu kwenye mfuko wa gauni.

Aliuweka upande wa kichwa cha kitanda chake, akaufunika kwa bakuli lake la bati lenye maua mekundu. Niliyasikia maombi yake. Aliwaomba wazee wake wamruhusu akafie kwa mwanawe. Hilo tu ndilo aliloliomba.

Alfajiri adhana ikaita kule sokoni, akatoka kwenda bombani kutawadha. "Usifunue," akaniambia. "Nitafunua mwenyewe nikishaswali."

Nikamsikia anakokota kandambili. Nikashuka kitandani, magoti yangu haya mabovu, nikafunua. Unga ulikuwa umesimama. Ulisimama vizuri kuliko nilivyowahi kuuona kwa mama yangu, ncha kali, haina hata ufa. Nikaugusa kwa kidole kimoja. Kimoja tu, ubavuni. Ukashuka. Nikafunika, nikarudi kitandani, nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikajifanya nimelala.

Aliswali, akaja, akafunua. Sikusikia kitu. Nilipochungulia nilimwona ameketi sakafuni, bakuli mapajani, anautazama. "Basi," akasema. Akauzoa kwa kiganja, akaenda kuutupa nje kwenye mchicha.

Binti alifika saa tatu, amevaa kanga mpya, nyingine kaibeba kwa ajili ya mama yake. Lahaula! Sijui hata nieleze vipi. Alibembeleza, akalia, akapiga magoti. Mama anatikisa kichwa tu. Kwa Kimwera akamwambia wazee wamekataa. "Mama, unga?" binti akapiga kelele. "Nimebeba matofali kichwani mwenyewe, unga ndio unakuzuia?" Sista akaja mbio, akauliza kuna nini, na mwenzangu, ambaye hakuweza kumweleza sista habari za unga, akanyamaza. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema, "Mwacheni, mtu mzima anaujua moyo wake." Nilisema hivyo kwa kinywa changu hiki. Binti akaiacha ile kanga kitandani, akapanda bajaji tupu.

Mwenzangu akaanza kungoja mavuno. Alihesabu miezi kwa vidole: mvua, palizi, kufukuza ndege, halafu mtama mpya. "Mwezi wa sita nitauliza tena," akanambia, na akaendelea kubangua korosho zake kama hakuna kilichotokea. Mimi ndiye niliyekonda. Nilikuwa nimeupata uwepo wake na sikuweza kuula, ulinikwama.

Nikaenda kuungama. Nilimweleza padre yote, kidole na yote. Padre ni kijana, si wa huku, alinisikiliza vizuri halafu akacheka kidogo. Bibi, akasema, kumwaga unga si dhambi, dhambi ni kuuweka. Kumpa ule unga ndilo kosa lako. Akanipa Salamu Maria tatu kwa ajili ya konzi moja ya mtama wa jikoni, akaniondolea dhambi, niende kwa amani. Amani ipi? Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Nilitoka kanisani nimesamehewa kosa ambalo sikwenda kuliungama, na lile langu nikarudi nalo chumbani.

Mwezi wa tatu mvua zikakaza. Mwenzangu akashikwa na kikohozi, kikashuka kifuani. Mganga wa zahanati akaja, akaacha dawa, akamwambia Sista pembeni maneno ambayo wote tuliyasikia. Usiku nilimgeuza, asubuhi nilimlisha uji kwa kijiko. Siku moja akanishika mkono. "Unaona?" akasema. "Wazee walijua. Ningekuwa kwa mwanangu, yeye shambani, mkwe wangu angenigeuza? Walinikatalia kwa sababu yako. Wamenipa ndugu uzeeni." Akakibusu kile kiganja, chenye kidole kile kile.

Ningenyamaza. Mungu anisamehe, mpaka leo kuna siku natamani ningenyamaza. Lakini mficha uchi hazai, na shukrani yake ilikuwa inaniua. Nikamwambia. Nilimwambia vilevile ninavyokusimulia wewe, sikupunguza.

Akakitazama kile kidole. "Ulikuwa umesimama?" akauliza.

"Ulikuwa umesimama."

"Na ncha?"

"Na ncha."

Akautoa mkono wake kwenye wangu, taratibu, kama anayetoa mwiba. Akageukia ukutani. Baadaye akamwomba Sista ampigie binti simu. Nikatolewa nje wakati wanazungumza, yeye ndiye aliyeomba nitolewe. Sista aliniambia tu kwamba binti amesema barabara imekatika, korongo limejaa, maji yakipungua anakuja siku hiyo hiyo.

Siku nne mwenzangu hakunisemesha. Nilimgeuza, akageuka. Nilimlisha, akafungua kinywa, akameza. Hakunitazama. Nilizungumza Kimwera peke yangu mle ndani kama kichaa, namwomba radhi, namwambia maji yanapungua, namdanganya kwamba nimesikia bajaji.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, pumzi zikaanza kuachana. Sista akaja, na mama mmoja wa pale msikitini akaja kumsomea. Mimi nikatoa kipande changu cha kanga chini ya mto nikakaribia. Mwenzangu akafumbua macho, akakiona. Akakisukuma kwa mgongo wa mkono. Halafu akamwambia Sista, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, ili Sista aelewe na mimi nielewe: "Huyu hapana. Wewe."

Alipokata roho Sista ndiye aliyemfumba macho. Akamfunga kidevu kwa kile kipande kilichokuwa chini ya mto wake. Mimi nilisimama mlangoni. Wanawake wa msikitini wakamwosha, wakamvika sanda, na kwa desturi yao hawakutaka kumlaza, akazikwa alasiri ile ile. Binti alifika magharibi, matope mpaka magotini, alivuka korongo kwa miguu akaiacha bajaji ng'ambo. Akakuta tuta bichi. Akanikumbatia akalia begani mwangu. "Ahsante, mama mdogo," akasema. "Najua wewe ndiye uliyemtunza." Nikajua mama yake hakumwambia. Akaniachia bakuli la bati kuwa kumbukumbu. Nilipokee, nisilipokee? Nililipokea.

Mwezi wa saba alirudi. Alikuja na mfuko mdogo wa unga wa mtama mpya, mweupe, umesagwa vizuri. "Wa kwanza kabisa," akasema. "Mama aliniagiza mavuno yakitoka nikuletee wewe."

"Alikuagiza lini?"

"Siku ile ya mwisho aliyonipigia simu."

"Alisema wa nini?"

"Hakusema. Alisema utajua mwenyewe."

Sijui. Naapa kwa Mungu sijui. Nimeugeuza huo mfuko wiki nzima. Nimefikiri niukoroge uji ninywe yaishe, mkono ukakataa. Safari sina, mimi niende wapi? Wa kuja kunichukua hayupo.

Jana jioni nikapiga magoti upande ule wa kichwa cha kitanda chake. Sikuwaita wazee wangu, nilimwita yeye. Nilimuuliza swali moja tu, na mwenye akili anajua ni lipi. Nikaudondosha unga kwa vidole vile vile, nikafunika kwa bakuli lenye maua mekundu.

Leo ni Ijumaa. Adhana ya alfajiri imeita, kengele imelia, uji umekuja na vyombo vimeondolewa, na mimi bado nimeketi hapa kitandani nalitazama bakuli. Mara tatu nimenyoosha mkono nikaurudisha. Kesho wanapiga deki. Wamenipa mwenzangu mpya, bibi wa Mbwemkuru, haoni vizuri, na maswali yake hayaishi. Amelipapasa bakuli kwa mguu wakati anatafuta kandambili zake, akauliza limefunika nini.

Nimemwambia asiguse.